Beringi Haifi kwa Uzee

Karakana yangu iko Munigi, kilomita chache kaskazini mwa Goma, kando ya Barabara ya Taifa Namba 2 inayopanda kuelekea Rutshuru. Ni nguzo za mikaratusi, mabati, na uzio wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji. Ukitazama kaskazini unauona Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, na ukiinama unaiona kazi yake: lava nyeusi iliyoganda, na juu ya lava hiyo vumbi lililosagwa na matairi ya malori hadi likawa laini kama unga wa muhogo. Jua likiwaka linapanda hewani, mvua ikinyesha linageuka tope. Anayetengeneza magari hapa ana mpinzani mmoja asiyelala, na mpinzani huyo ni vumbi hilo.

Nimefungua injini, giaboksi, breki na kila kinachofunguka. Lakini kilichonilisha kuliko vyote ni kifaa kisichoonekana mpaka gurudumu litoke: beringi. Ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake mipira au rola zinazoviringika ndani ya grisi. Gari la tani moja na nusu huweka karibu kilo 400 juu ya kila gurudumu, na kilo hizo zote hupitia kwenye mipira michache ya chuma. Gurudumu lenye mzingo wa mita mbili huzunguka mara 500 kwa kila kilomita. Gari likitimiza kilomita 100,000, gurudumu hilo limezunguka mara milioni 50. Beringi iliyofungwa vizuri, ikakingwa na maji na vumbi, hufika huko na kupita. Nyingi nilizozitoa kwa mikono yangu hazikufika hata nusu. Ndiyo maana nasema kwamba kwetu beringi haifi kwa uzee. Huuawa. Kazi yangu imekuwa kuibadilisha, na kabla ya kuibadilisha, kumtafuta aliyeiua.

Nilizaliwa Kibumba, juu kidogo ya hapa, kwenye mashamba ya kabichi na viazi. Mwezi Julai 1994, wakimbizi mamia kwa maelfu walipovuka kutoka Rwanda, dunia ilisikia majina ya Kibumba na Munigi kwa sababu ya kambi na kipindupindu. Mimi nilikuwa kijana mdogo, na nilichokitazama zaidi ni malori: ya maji, ya chakula, ya mahema. Chini ya kila lori lililokwama alikuwapo mtu amelala chali, uso umejaa mafuta, huku wenye vyeo vyao wamesimama kando ya barabara wakimngojea amalize. Nikaona huyo ndiye mtu ninayetaka kuwa.

Mwishoni mwa miaka ile ya 1990 nikapokewa kuwa mwanagenzi katika karakana moja ya Birere, mtaa wa biashara unaopakana na Rwanda. Fundi mkuu tulimwita Vieux, kama tunavyowaita wakubwa Goma. Alikuwa mtu wa maneno machache na sheria moja: asiyeweza kusema gari lina nini hashiki spana. Wenzangu waliona ni uchoyo. Walitaka kufungua, kwa kuwa kufungua ndiko kunakomfanya kijana aonekane fundi. Vieux alitupandisha kwenye gari la mteja, akaenda nalo barabarani madirisha yamefungwa, kisha akaanza kuuliza.

"Iko inalia nini?"

"Magurudumu, Vieux."

"Magurudumu yako mane. Ni lipi?"

Ukikosa jibu, unarudi kufua vitambaa na kuosha vipuri kwa mazuti. Nilivifua vitambaa vile muda mrefu, na sijutii, kwani nilipokuja kuwa na karakana yangu kitambaa safi kilikuwa na thamani kuliko spana mpya. Hilo nitalirudia.

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka ubavu wake wa kusini. Mpasuko mmojawapo ulifunguka karibu kabisa na Munigi, lava ikafunika sehemu ya njia ya ndege ya uwanja wa Goma, mkondo mwingine ukapita katikati ya mji na Birere mpaka ukaingia Ziwa Kivu. Karakana ya Vieux ikazikwa pamoja na mashine yake ya presi, magari matatu ya wateja na kabati la vipuri. Vieux aliondoka kwenda kwa ndugu zake Butembo. Mimi nilibaki na mfuko wa spana niliokimbia nao. Watu walipoanza kujenga upya juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto, nikapanda Munigi kutafuta kiwanja, kwa hesabu nyepesi: kila gari linaloshuka kutoka Rutshuru, Kibumba na Kiwanja litapita hapa, na likipita hapa litakuwa limechoka.

Nilihitaji presi. Beringi za magari madogo mengi hukaa kwa kubana ndani ya chuma kinachoshika gurudumu, na haziingii wala hazitoki bila tani kadhaa za nguvu. Presi ya dukani sikuweza kuinunua. Nikachomelea fremu kwa vyuma vya chasisi ya lori lililoungua, nikaweka ndani yake jeki ya chupa ya tani 20, na springi mbili za kurudisha meza juu. Fremu hiyo ipo hadi leo. Imepinda kidogo upande mmoja, nami najua upande gani.

Sasa nieleze namna ya kusikiliza, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa za watu.

Beringi inayokwisha hunguruma. Mngurumo huanza kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, huongezeka gari likiongeza mwendo, na haujali umekanyaga mafuta au umeachia. Ukiweka gia huru gari likiteremka lenyewe na sauti ikabaki ile ile, basi injini na giaboksi umeshaziondoa kwenye orodha ya washukiwa. Anayebaki ni tairi. Tairi iliyolika vibaya hunguruma karibu vilevile, lakini sauti yake hubadilika barabara ikibadilika, na ukihamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, sauti nayo huhama. Beringi haihami.

Hapa Munigi kuna tatizo la ziada: kwenye mawe huwezi kusikia kitu. Gari zima linapiga kelele. Kwa hiyo jaribio lifanyike mjini kwenye lami, na asubuhi mapema kabla pikipiki hazijajaa njia. Wateja hulalamika kwamba nawamalizia mafuta. Nawajibu kwamba lita moja ya mafuta ni rahisi kuliko beringi isiyohitajika.

Nakumbuka Toyota Noah ya dereva mmoja wa teksi. Alikuja amekasirika. Fundi mwingine alikuwa amemuuzia matairi mawili ya nyuma na bado gari lilinguruma.

"Papa, gari iko inalia nyuma, kushoto," akaniambia.

"Nani alikuambia ni nyuma?"

"Masikio yangu."

Masikio yake hayakuwa na kosa. Bati la gari ndilo linalodanganya. Sauti ya chuma husafiri ndani ya bodi na kutokea mahali pengine kabisa. Tukashuka mjini. Kwenye mwendo wa 50 mngurumo ulikuwepo. Nikamwambia azungushe usukani taratibu kushoto, kisha kulia, kama anayekwepa mashimo. Gari likipinda kushoto uzito wake huegemea magurudumu ya kulia. Likipinda kulia, uzito huenda kushoto. Beringi mgonjwa akiongezewa mzigo hulalamika zaidi. Mngurumo ulipanda kila tulipopinda kushoto. Kwa hiyo mshukiwa alikuwa kulia, na kwa mtetemo uliokuja kwenye sakafu chini ya miguu yake, alikuwa mbele.

Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kuna beringi zinazonyamaza pale zinapobebeshwa mzigo, hasa zenye mistari miwili ya mipira, ambapo mstari ulioharibika ni ule usiobeba wakati huo. Tulirudi karakanani, tukainua gari kwa jeki na kuliweka juu ya vigingi vya chuma. Nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa. Lilicheza kidogo sana. Mchezo huo unaweza kuwa wa beringi au wa bojointi, kwa hiyo nikamwambia mwanagenzi akanyage breki na kuishikilia. Breki ikishikwa, habu, yaani kitovu cha gurudumu, na chuma kinachoibeba huwa kitu kimoja. Mchezo wa beringi hutoweka, mchezo wa bojointi hubaki. Ulitoweka. Nikashika kushoto na kulia, mahali ambapo tairodi iliyolegea ingejionyesha, gurudumu likatulia.

Mwisho nikaweka vidole juu ya springi ya amotisa na kulizungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Springi hupokea kila mtetemo wa beringi na kuuleta vidoleni. Gurudumu la kushoto lilizunguka kimya. La kulia lilinipa mchanga. Asiyeamini vidole achukue bisibisi ndefu, aweke ncha kwenye chuma karibu na habu na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, msaidizi azungushe gurudumu. Atasikia kila kitu.

Dereva aliweka vidole vyake mwenyewe pale kwenye springi. Hasira yake ikahama kutoka kwangu ikarudi kwa yule aliyemuuzia matairi.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya utaratibu. Nati kubwa ya katikati hulegezwa gari likiwa bado limekaa chini, breki imekanyagwa, baada ya kuinua mdomo wa nati uliopondwa kwenye mfereji wa shafti. Kisha gari huinuliwa, gurudumu hutoka, kalipa ya breki hufunguliwa na kufungwa kwa waya kwenye springi. Fundi asining'inize kalipa kwa mpira wake, huo mpira ndio breki ya mtu. Diski hutoka. Kama gari lina ABS, sensa hutolewa mapema na kuwekwa mbali na nyundo. Halafu bojointi na tairodi huachanishwa, na chuma chote kinachoshika habu kinakuja mezani.

Hapo habu hutolewa kwa presi. Karibu kila mara hutoka na nusu ya pete ya ndani imeng'ang'ania shingo yake. Pete hiyo naikata kwa grainda mfereji mmoja usiofika kwenye habu, kisha patasi na pigo moja, inapasuka. Umeme ukikosekana, na kwa miaka mingi hapa ulikuwa wa kubahatisha kabla ya laini za kituo cha Matebe cha Rutshuru kuanza kufanya kazi, jenereta ndiyo iliyolipwa kwanza kabla yangu. Baada ya hapo klipu ya chuma inayoizuia beringi hutolewa, na beringi nzee husukumwa nje.

Sasa kuna dakika kumi ambazo wanagenzi wangu huzichukia. Hakuna kinachofungwa. Tunasafisha. Tundu husuguliwa kwa msasa laini, huoshwa, hupanguswa kwa kitambaa safi, na meza hufagiwa. Beringi mpya haitoki kwenye boksi lake mpaka kila kitu kiwe tayari. Nje ya uzio lori likipita, wingu zima huingia ndani, kwa hiyo nina pazia la turubai ninalolishusha. Wateja hulicheka pazia hilo na kuniuliza kama nafanya upasuaji. Lakini punje ya jiwe ikichanganyika na grisi, grisi hiyo haipunguzi tena msuguano, inasaga. Unaweza kufunga beringi bora duniani na kuiua kabla gari halijatoka langoni.

Muuaji wa pili ni nyundo. Beringi mpya inapoingia kwenye tundu, lazima isukumwe kwa pete yake ya nje. Habu inapoingia ndani ya beringi, lazima pete ya ndani ishikiliwe kutoka chini. Ukisukuma pete moja kwa kutumia nyingine, nguvu hupita kwenye mipira, na kila mpira huacha alama kwenye njia yake. Alama hizo hazionekani kwa macho ya haraka. Gari litatoka kimya, baada ya miezi michache litaanza kunguruma, na fundi atasema kipuri kilikuwa kibaya. Mimi huhifadhi pete za beringi zilizokufa, kubwa kwa ndogo, kwenye msumari ukutani. Zimechongwa kidogo kwa grainda ili zisikwame, nazo ndizo ninazotumia kusukumia mpya. Kila ukubwa ninaouhitaji ulishawahi kuingia humu karakanani ukiwa maiti.

Nati ya mwisho hukazwa kwa kipimo. Kwa Corolla na Toyota nyingi ndogo za aina yake ni karibu Nm 216, sawa na kilo 22 zikivuta kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Kwa kuwa miaka mingi sikuwa na spana ya kupimia, nilitumia bomba la mita moja na mizani ya ndoana, ile ya wauza viazi wa Kibumba. Nati ikilegea, nusu mbili za pete ya ndani hazikutani sawasawa na beringi inajiharibu yenyewe. Na gari lisishushwe chini kabla nati haijakazwa.

Mizani hiyo hiyo ilinisaidia zaidi kwenye Land Cruiser za mashirika ya misaada, ambazo kwa miaka zimepanda na kushuka mbele ya karakana yangu zikielekea Rutshuru. Magurudumu ya mbele ya magari hayo yana rola zilizochongoka, mbili kila upande, aina ambayo Henry Timken aliichukulia hataza huko Marekani mwaka 1898 kwa ajili ya magari ya farasi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuifungua, kuiosha, kuitazama, kuijaza grisi upya na kuirekebisha. Grisi huingizwa kwa kiganja, ukisukuma ukingo wa rola ndani yake mpaka itokeze upande wa pili. Nati ya kwanza hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae, hulegezwa, hukazwa tena kidogo, kisha ndoana ya mizani huvuta boliti ya gurudumu, na mizani husoma nguvu inayohitajika kuligeuza. Ikilegea, gurudumu linacheza. Ikibana mno, beringi inaungua. Madereva wa magari hayo walikuwa wakija na karatasi za matengenezo zenye tarehe. Ukitaka kujua tofauti ya gari linalofika kilomita 300,000 na lile linalokufa likiwa na 150,000, anza na karatasi hizo.

Muuaji wa tatu ni maji, na huyu wateja wenyewe humwita. Jumapili wanateremka ziwani kuosha magari. Gari limetoka mbio, breki na habu ni za moto, linaingizwa kwenye maji ya Kivu mpaka katikati ya magurudumu. Chuma cha moto kikipozwa ghafla, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Mashine za kuoshea kwa shinikizo nazo zikielekezwa kwenye sili hufanya hivyo hivyo. Beringi ya namna hiyo ukiifungua unakuta grisi imegeuka rangi ya kahawia yenye kutu, na njia ya mipira ina madoadoa. Ya vumbi hukupa grisi nyeusi na njia iliyofifia. Ya nyundo ina vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa. Ya mzigo kupita kiasi hubanduka vipande upande mmoja. Ya kubanwa mno ina rangi ya bluu ya moto. Kila beringi niliyoitoa nimeipasua na kumwonyesha mwenye gari, maana asipomjua muuaji atarudi kwangu tena na kunilaumu.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulipasuka tena. Lava ilikata barabara yetu, ikateketeza vijiji na nyumba nyingi, ikasimama Buhene kwenye ukingo wa mji. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru vitongoji 10 kati ya 18 vya Goma vihame, na watu mamia kwa maelfu wakatoka, wengi wao kuelekea Sake. Nilipata nafasi kwenye Noah iliyobeba watu kumi na wanne, magodoro juu na mbuzi nyuma. Tulikwenda kwa mwendo wa kutambaa, na kwa saa zote zile nilikuwa nasikiliza gurudumu la nyuma la kulia. Mwenye gari aliniuliza naogopa nini, volkano au matetemeko. Nikamwambia beringi yake.

Tuliporudi na barabara ikafunguliwa tena juu ya lava mpya iliyosagwa, kazi ilinijia kwa wingi kuliko wakati wowote. Magari yaliyobebeshwa mara mbili ya uwezo wake yalikuja moja baada ya jingine, yote na malalamiko ya aina moja. Nilizipasua beringi zao nikakuta njia zimebanduka upande mmoja, kama nilivyotegemea. Sikuwalaumu wenyewe. Kuna siku mzigo haupimwi.

Vipuri vyetu vingi vilikuwa vikitoka Kampala, soko la Kisekka, vikipitia Bunagana na Rutshuru mpaka mlangoni kwangu. Bunagana ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Juni 2022, kisha Rutshuru na Kiwanja mwezi Oktoba mwaka huo, malori yakapungua, na barabara iliyonilisha ikajaa watu waliobeba watoto na sufuria. Kambi za Kanyaruchinya na Munigi zikatanda mpaka nyuma ya uzio wangu. Beringi zikaanza kupita Rwanda, na bei ikapanda. Pale ndipo bandia zilipopata soko. Boksi zuri, jina kubwa, maandishi yaliyofifia, chuma kisichodumu. Nimejifunza kuangalia namba iliyochongwa kwenye pete kama inalingana na ya kwenye boksi, kuangalia kama herufi zimekatwa kwa usafi, na kuizungusha kwa kidole karibu na sikio. Bei ikiwa theluthi ya ile ya kawaida, sihitaji kuizungusha.

Hata hizo nilizozitoa hazikutupwa zote. Watengenezaji wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao Goma umeujengea sanamu, huja kuomba beringi ndogo zilizobaki na uhai kidogo. Gurudumu la mbao lenye beringi huteremka kutoka Kibumba na magunia ya makaa au kabichi kwa wepesi usiopatikana kwenye mti mtupu. Beringi isiyofaa tena kwa kilomita 80 kwa saa inaweza kumlisha mtu miaka mingine kwa mwendo wa miguu. Sijawahi kumtoza mtu wa chukudu hata faranga moja kwa hizo.

Kitu ambacho sijafaulu kuwafundisha watu wa mji wangu ni kulipia sikio. Mteja anaelewa kulipa kipuri, anaelewa kulipa jasho. Lakini ukitumia saa nzima kusikiliza na kutikisa, kisha ukamwambia kwamba gari lake halihitaji chochote ila kuhamisha matairi, hushukuru na kuondoka. Ndiyo maana mafundi wengi hukimbilia kubadilisha: kubadilisha kunalipwa, kujua hakulipwi. Nikaweka bei. Dola tano kwa uchunguzi, na ukitengenezea hapa zinakatwa kwenye hesabu. Mwanzoni walinisema. Baadaye wakaanza kuniletea magari ambayo karakana nyingine zilikuwa zimeshayabadilisha nusu.

Wanagenzi wangu, baadhi yao vijana waliopitia mafunzo ya kituo cha Don Bosco Ngangi na wengine waliofika na wakimbizi wa vita bila karatasi yoyote, nawawekea sheria ile ile ya Vieux. Wanainung'unikia kama tulivyoinung'unikia sisi. Wawili sasa wana karakana zao, mmoja Sake na mwingine Gisenyi.

Kwako msomaji unayemiliki gari, nina maombi machache. Ukisikia mngurumo usiokuwepo jana, usiongeze sauti ya redio. Usiingize gari la moto kwenye maji. Fundi akikwambia beringi imekufa, mwambie akuwekee vidole kwenye springi usikie mwenyewe, na muulize ataisukuma ndani kwa kifaa gani. Akikuonyesha nyundo, chukua funguo zako. Na ukilipa, dai beringi nzee, ipasue, uitazame njia ya mipira yake. Kilichoiua ya kwanza kitaiua na ya pili, usipokijua.